Shangazi Aliyesema na Mtu wa Mlangoni

Mwezi uliopita nilirudi Al Muraqqabat, mtaa wetu wa Dubai, nikalitafuta jengo letu. Lipo. Mkahawa wa chini, uliotuuzia chai ya iliki hata ngazi nzima ikanukia, siku hizi unauza vifuniko vya simu. Nilisimama pale kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Sikufuata chai, ndugu yangu. Niliifuata sauti ya shangazi.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, na kazi yake ilikuwa uigizaji. Usidhani ni ule wa kuchekesha harusini. Alianzia jukwaani Mombasa, kundi la Waingereza likamchukua, akaigiza London miaka mingi, kisha akavuka bahari nyingine akacheza filamu mbili Amerika. Kazi zilipopungua, baba alimwita Dubai, akamwombea viza kupitia duka lake la vitambaa, apumzike. Nilikuwa na miaka kumi hivi, na Dubai ya wakati ule naikumbuka kwa harufu ya nguo zilizopigwa pasi.

Maana shangazi aliigiza huku akipiga pasi. Ijumaa asubuhi mama akikanda unga wa mahamri, mbaazi zikitokota kwa tui, kiyoyozi kikinguruma na kudondoshea maji ndooni, shangazi aliishika kanzu ya baba, mara akawa malkia, mara mjane anayegombea shamba. Kanzu nayo ilitoka imenyooka. Kazi yangu ilikuwa kukaa mwisho wa sebule, mlangoni penye viatu, niinue mkono nisipomsikia. "Usiseme na wa mbele," alikuwa akinifunza. "Sema na aliyekaa mlangoni. Wa mbele atasikia tu." Hakupaza sauti hata siku moja, na mkono wangu haukuinuka.

Baba alimsikiliza akitazama zulia. Wageni wakija, aliwaambia dada yake alikuwa mwalimu ng'ambo. Kazi hiyohiyo ya aibu ndiyo iliyompatia baba tiketi yake ya kwanza ya kuja Dubai, lakini hilo halikusemwa mbele ya wageni.

Siku moja simu ikaja kutoka London. Ukumbi wake wa zamani ulimtaka, na safari hii awe mhusika mkuu, yule ambaye pazia hufunguliwa yuko na hufungwa yuko. Maisha yake yote alikuwa akipewa mayaya, wauguzi na wajane wa kulia. Mazoezi yangeanza baada ya Idi. Alicheka hadi akakaa chini. Ramadhani nzima alikariri huku akikunja sambusa, na mama akimkumbusha ajaze nyama.

Pasipoti yake ilikuwa kwa baba. Wewe uliyeishi kule unajua, arbab, yaani mwajiri, huweka pasipoti za watu wake na mtu haulizi sana. Baba mwenyewe, alipokuwa karani, kafeel wake, mdhamini wa viza, alimfungia ya kwake hata akakosa kumzika babu, na kisa hicho alitusimulia kwa machozi. Sasa dada yake alipoiulizia, alimjibu kwa upole kwamba ipo ofisi ya uhamiaji, viza inabadilishwa. Kesho, inshallah. Wiki ijayo, inshallah. Idi ikaja, tukala, tukavaa vipya. London wakapiga tena, halafu wakaacha kupiga.

Ijumaa moja baada ya swala, baba aliiweka pasipoti mkekani, kando ya sinia ya biriani.

"Khalas, dada. Imetoka."

Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga baba, aliweka tonge lake chini. "Haikwenda popote, wifi. Ilikuwa dukani siku zote."

Tulingoja baba akane. Alinawa mkono, akajifuta. "Nimemsitiri dada yangu," alisema. "Mtu mzima yule, aende kujionyesha kwa watu?"

Nilishawahi kumwona shangazi akimlilia mume wa uongo mpaka nikalia naye, na siku ile nilitamani alie. Aliifuta pasipoti mchuzi kwa ncha ya leso, akaenda kupiga pasi. Alizipiga kanzu zote za baba, kimya.

Kikulacho ki nguoni mwako, nasi nguo ndizo tulizouza. Baba yu hai, na uchungu ninao naye mpaka leo, sina haja ya kuuficha. Hata kwenye matanga ya shangazi aliwaambia watu kwamba marehemu alikuwa mwalimu. Zile filamu nimezitafuta nikazitazama. Katika moja shangazi anafungua mlango, katika nyingine anaitikia, "Ndiyo, bwana." Sauti niliyoijua mimi haikuwekwa popote.

Siku za mwisho za shangazi, akiwa amelazwa sebuleni, akiomba maji, hata aliyekaa ubavuni mwake ilibidi ainame ndipo asikie. Mimi bado nilikaa pale pangu, mlangoni penye viatu. Nikainua mkono. Hakunitazama.