Viatu Vilivyozama Kakuma

Mwaka wa 2013 nilikuwa mwalimu wa fizikia mjini Lodwar, na Ijumaa moja nilifundisha shinikizo, yaani presha, kwa mbwembwe zote. Kani ile ile, nikawaambia wanafunzi, ikibanwa kwenye eneo dogo hutoboa. Ikitandazwa kwenye eneo kubwa hubebeka. Nikachora ubaoni kiatu cha mchuchumio kando ya mguu wa ngamia. Msichana mmoja akauliza ni nani mwenye akili timamu angevaa kiatu kama kile Turkana. Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao.

Kesho yake nikavaa vyangu, vyekundu, nikaenda Kakuma kumwona mama mkwe kwa mara ya kwanza. Mganga hajigangi.

Mchumba wangu alikuwa tabibu huko. Kwake yeye, presha ilikuwa kitu cha kupimwa mkononi na kuandikwa kwenye kadi. Kwa mama yangu kule Kakamega, ilikuwa simu tatu kwa siku: nirudi, nitafute mtu wa nyumbani. Hizo nilizizoea. Niliyemwogopa ni mama yake, maana alikuwa amemwambia mwanawe waziwazi: "Huyo wa kutoka Kenya hatakaa. Jua ikimchoma, atakimbia." Kule kaskazini, kwingine kote ndiko Kenya. Nilimpenda mwanawe kupita kiasi, na bila baraka ya mama huyo hapakuwa na harusi.

Mvua ilikuwa imenyesha juma lile. Mimi na mchumba wangu tulimkuta kwenye shamba lake kando ya lagga, mto wa mchanga, akipanda mtama kwa kijiti. Nikapiga hatua tatu za maringo kwenye udongo ulioloa. Ya nne, kisigino kikadidimia chote. Nikavuta mguu kwa nguvu, na kadiri nilivyouvuta ndivyo ule mwingine ulivyozama, mpaka nikaketi pwata matopeni na gauni langu jipya.

"Ejok, mama," nikamwamkia kutoka huko chini. Nilitamani ardhi inimeze, nayo ilikuwa imeshaanza kazi.

Alinitazama. Kisha akacheka, akacheka hadi akashika kiuno. Akavua akala zake za tairi, akaziweka mbele yangu.

"Vaa hii. Hii inajua hapa."

Nikavaa. Zilikuwa pana, ngumu, na zilinibeba. Nilifurahi hata nikaanza kumweleza habari za kani na eneo, mkono hewani kama niko darasani. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ngamia anajua hiyo," akasema.

Akainama akachomoa viatu vyangu. Akakikagua kisigino kimoja, akatupa kijiti chake, akatoboa shimo kwa kile kisigino, akadondosha mbegu.

"Hii ni mzuri. Inaingia sawa." Cha pili akanipa mimi.

Basi tukapanda, wanawake wawili tumeinama, kila mmoja na kiatu chekundu mkononi, yeye miguu mitupu, na tabibu wetu amekaa chini kwa kicheko. Nilipofika mwisho wa mstari wangu, nilimwuliza nianze wapi tena. Alinionyesha, kisha akagusa mstari niliomaliza.

"Hii mimi sitavuna. Mtama ikiiva, utavuna wewe."

Mtama huchukua miezi mitatu au zaidi. Niliinama haraka nikaendelea kutoboa mashimo, nisije nikalia mbele yake.