Sauti Niliyoifungua Mbele ya Watu

Hii aibu yangu wengi wenu mmeisikia nusu nusu hapa mjini, kila mtu na yake, wengine wanasema nilipigwa, wengine wanasema nilifukuzwa chamani, na yote si kweli, afadhali hata ningepigwa. Kwa hivyo wacha niseme mwenyewe, mimi Mutuma, vile ilikuwa, na mkitaka kunicheka chekeni sasa, kwa sababu huko mbele hakuna mahali pa kucheka.

Chama chetu cha kompyuta mnakijua. Tunakutana Jumamosi mchana katika chumba cha nyuma ya duka la Mama Nkatha, ambaye ndiye mwenyekiti, na mpango wetu ni rahisi: mwenye shida analeta shida, mwenye ujuzi anatoa ujuzi, chai inazunguka. Mmoja laptop yake imejaa virusi, mwingine printa yake inatema karatasi tupu, mwingine amesahau neno la siri (huyo hakosi, kila wiki, na ni yule yule). Mimi kwa kuwa natengeneza simu na kompyuta pale sokoni, walikuwa wananiita Daktari, na jina hilo, Mungu anisamehe, nilikuwa nimelipenda hata nikaanza kutembea polepole kama daktari kweli.

Siku hiyo dada Habiba alikuja na flashi. Habiba anauza dera na leso, alikuwa amehamia mjini na mumewe kutoka Kinna si kitambo sana, mtu mpole, anakaa karibu na mlango na hazungumzi mpaka aulizwe. Akatoa salamu, akanifuata pale nilipokuwa nakunjua nyaya za projekta, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba picha za nguo zake, zile anazotumia wateja kwa simu, amezifuta kwa makosa, kama naweza kumrudishia.

"Hiyo ni kazi ndogo," nikamwambia.

"Picha tu, Daktari. Vingine usiguse. Na kama inawezekana tufanye baadaye, watu wakienda."

Ningesema sawa dada, mkasa ungeishia hapo na leo tungekuwa tunaongea mambo mengine. Lakini projekta ilikuwa imewaka, nilikuwa nimekuja na spika zangu mpya (nilitaka wazione, si mnanijua), na watu wameketi wananitazama, basi nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Hapana, shida ya mmoja ni somo la wote!" Wakapiga makofi. Habiba akarudi karibu na mlango.

Nikawaeleza kwamba ukifuta kitu hakiendi mara moja, kinabaki kimelala mle ndani mpaka kitu kingine kije kilalie mahali pake, na kwamba kuna programu ya kukiamsha. Nikaiwasha. Picha zikaanza kujipanga ukutani, dera ya bluu, dera ya maua, leso, watu wakasema aah, mama mmoja akauliza bei, hata Habiba nikaona ametabasamu kidogo. Na chini kabisa, baada ya picha zote, kukawa na faili moja ya sauti, jina lake nambari tupu.

"Na hii ni nini?" nikasema, na kidole kilikuwa kimeshabonyeza kabla swali halijaisha.

Ikatoka sauti ya mtoto wa kike, mdogo, wa miaka minne mitano hivi, anajifanya mtangazaji wa redio, amejaza kifua kabisa. "Wasikilizaji! Mbuzi ya mama imepotea. Iko na sikio moja. Mtu akiona alete kwa baba, baba atakupa chai!" Akaendelea na matangazo mengine, lakini chumba kilikuwa kimelipuka kwa kicheko, mimi wa kwanza. Nikairudia. Tukacheka tena. Nikasema huyu mtangazaji apewe kazi leo leo, watu wakashika mbavu, na nilikuwa naenda kubonyeza mara ya tatu nikamwona Habiba amesimama.

"Zima," akasema.

Nikadhani anaona haya (mimi na kichwa changu). Nikamwambia, "Wacha tusikie, dada! Kumbe ni msichana wako? Jumamosi ijayo umlete tumsalimie."

"Tulimzika Kinna," akasema Habiba.

Ikabaki feni ya projekta inavuma peke yake. Habiba alikuja mpaka mbele, hakulia, hakupaza sauti, akaniambia, "Hiyo niliifuta mimi, kwa mkono wangu, na haikuwa rahisi. Sasa ifute. Na usiifute vile niliifuta mimi."

Nikafuta. Kwa haraka ya mtu anayetaka kutoka kwa aibu, nikaifuta kwenye flashi na kwenye laptop, kwa ile njia inayoandika takataka juu ya faili hata mwenye akili kiasi gani asiweze kuiamsha tena, na yote hayo yakionekana ukutani kwa sababu nilikuwa nimesahau kuzima projekta. Habiba akachukua flashi akaenda. Mimi nikashusha pumzi, nikajiambia angalau nimerekebisha. Wala sikujiuliza kama yule mtoto alikuwa na baba.

Baba yake alikuja Jumamosi iliyofuata. Galma, dereva wa lori la mbuzi, mtu mrefu, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akatoa salamu, kisha akauliza Daktari ni nani. Wote wakanitazama.

"Nimesikia nikiwa safarini, huko Biliqo," akasema, "ati sauti ya msichana wangu ilisikika hapa. Mama yake aliniambia ilipotea na simu iliyoharibika. Kama imepatikana, mimi naomba."

Akanipa flashi. Alikuwa ameitoa kwenye mzigo wa nguo za mkewe.

Jamani, nilijua. Nilijua mle ndani hakuna kitu, na nilijua nikisema kweli namwanika Habiba mbele ya watu, na nikinyamaza nimemdanganya mtu aliyefiwa, na kati ya hayo mawili nikachagua la tatu ambalo ni baya kuliko yote. Nikasema, "Wacha tujaribu." Nikachomeka flashi, nikawasha programu, na Galma akavuta kiti akakaa karibu kabisa, macho kwenye kioo cha laptop. Picha za dera zikatoka, zikaisha.

"Iko wapi?"

"Hakuna, mzee."

"Jaribu tena. Si wiki jana uliitoa?"

Nikajaribu tena. Mama Nkatha alikuwa ananitazama kwa jicho la kusema wewe kijana wewe, na mimi natazama vidole vyangu. Picha zikaisha mara ya pili, na kabla sijasema kitu Habiba akaingia, anahema, alikuwa amekimbia kutoka sokoni.

"Galma, mwache," akasema. "Mimi ndiye nilifuta. Ulikuwa unaisikiza barabarani ukilia, na usukani mkononi. Ningebaki na nani?"

Galma akanigeukia mimi, bila hasira, na hiyo ndiyo iliniua. "Wewe uliisikia. Ile ya mbuzi naikumbuka. Mwisho alisema nini? Mwisho umeanza kunipotea."

Nikatazama wenzangu, wote wakainamisha vichwa. Hakuna aliyejua. Tuliifungua mara mbili, na spika kubwa, na hakuna mtu hata mmoja aliyeusikia mwisho, kwa sababu tulikuwa tunacheka.

"Nitakuambia nyumbani," Habiba akasema, akamshika mkono, akamwinua kama mtu anayemwinua mgonjwa, wakatoka. Siku hiyo chai ilipoa kwenye birika.

Sasa mtu akiniletea kitu nimrudishie, nafunga mlango, nazima spika, namwachia yeye kipanya achague mwenyewe, na akisema picha tu, ni picha tu. Hilo nimeapa na nimelishika. Lakini kwenda kwa Habiba kumwomba radhi bado sijaenda. Nikimwona sokoni amepanga dera zake nazunguka upande wa pili, nanunua nyanya nisizozihitaji, nangoja ageuke. Wiki hii nilifika mpaka kibanda cha jirani yake. Nikarudi.