Diploma Isiyosomeka Kwenye Benchi la Nyuma

Siku ile ya mvua naikumbuka hata leo, mwanangu: siku niliposhindwa kusoma jina langu mwenyewe. Mimi, niliyerudi Kamina kutoka mji mkubwa wa Elisabethville na diploma ya ujenzi, wa kwanza katika ukoo wetu, bila mjomba wa kunishika mkono. Nilipanda jukwaa la waashi nikiwa na tai shingoni. Usicheke, ilinipendeza.

Shefu wetu, msimamizi Mbelgiji, alinipa kazi ya kujenga darasa la watoto wa wafanyakazi wa reli. Ramani aliyonikabidhi ilikuwa ya bohari ya mizigo: madirisha madogo, juu karibu na bati. Aliichagua makusudi, ili watoto wasitazame treni. Nilijenga vilevile. Kuta zilinyooka sawasawa, nami nikawatembeza watu kuzionyesha.

Masomo yalipoanza, akina mama walikuja alfajiri kugombania benchi la karibu na mlango, maana hapo tu ndipo ubao ulionekana. Dada yangu mdogo, Ngoie, alikosa, akakaa nyuma. Na mkaguzi alikuwa njiani. Mtoto ambaye angeshindwa kusoma mbele yake angeondolewa shuleni.

Watoto wa nyuma walipokuwa wakishindwa kusoma ubao, mimi nilisema ni wavivu. Ndipo Tata Kabange, yaani Baba Kabange, mwashi mzee asiyejua kuandika, akaniambia nilete diploma yangu. Mvua ilikuwa inanyesha, mlango umefungwa. Akanikalisha kwenye benchi la Ngoie.

"Soma, Monsieur Diploma."

Niliisogeza hadi puani. Sikuona hata herufi moja.

"Ulijenga nyumba ya mifuko ya muhogo," akasema. "Mufuko haina na macho. Batoto beko nayo."

Nikamwuliza tufanyeje. Alisema tutoboe ukuta wa kaskazini, kushoto kwa watoto, ili mkono unaoandika usijitilie kivuli, na tuongeze bati nje jua lisiwapige. Alilijua hilo kwa kusuka mikeka.

Shefu alikataa. Jumapili nilikosa misa. Mimi na Tata Kabange tukafungua madirisha matatu mapana. Jumatatu Shefu akauliza ni nani aliyetoa ruhusa. Nilimjibu kwa Kiswahili, ingawa Kifaransa nilikijua, ili waashi wote wasikie:

"Minyi. Jina yangu sasa inasomeka humu."

Alinifukuza palepale. Lakini mkaguzi alifika kabla ukuta haujazibwa, na Ngoie akasoma ubao mzima. Hakuondolewa mtoto hata mmoja. Sijaomba radhi mpaka leo, wala sitaomba.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujawapa watu chumba, kaa kwanza pale pabaya kuliko pote. Ukishindwa kusoma hapo, bomoa, hata kama ramani ina mihuri kumi. Na anayekuonyesha kosa lako, mwite Tata, hata kama hana diploma. Mungu akupe mikono isiyotetemeka mbele ya shefu, na kila ushikapo kalamu, mwanga ukufikie.