Ijumaa ya Fidel

Wanaume wa timu ya Kandara walijua mpira, hilo hakuna anayewanyima. Walichokuwa hawajui ni kalenda. Jael Mideva alivijua vyote viwili, na ndiyo maana yalimkuta yaliyomkuta.

Jael alikuwa na mwaka wa sita Jeddah, kazi za nyumbani, kulala hapo hapo kwa madam mtaa wa Al-Hamra. Kila baada ya Ijumaa moja alipewa ruhusa kuanzia alasiri mpaka isha, na saa hizo chache zilikuwa zake kabisa, hakuna wa kumwita. Angeweza kwenda madukani kama wenzake. Yeye alikwenda uwanjani. Nyumbani Vihiga alikuwa golikipa wa chuo cha ualimu, vidole viwili vilivyopinda ni ushahidi. Wanaume wa Kandara, madereva na walinzi na wabebaji mizigo, walipoona mwanamke anayejua kuotea ni nini kuliko wao, wakampa ukatibu ili wamnyamazishe. Hakunyamaza.

Sasa ligi yenyewe ilikuwa ya Wakenya watupu, timu nne, mechi Ijumaa jioni kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya maghala ya kusini. Walikuwa na desturi moja nzuri sana. Kila Januari, vijana wapya walioingia Jeddah, hasa waliochezea vyuo kule nyumbani, waliandikwa majina, na timu zikachagua mmoja mmoja kwa zamu. Iliyoshika mkia ndiyo inaanza, ili aliyelia mwaka mzima afutwe machozi. Desturi ya pili haikuwa nzuri hivyo: ukishika mkia mara tatu mfululizo, timu yako inavunjwa na watu wako wanagawanywa kama nyama ya harusi. Kandara walikuwa wameshika mkia mara mbili.

Siku ya kuchagua walikutana chumbani kwa Alfayo, nahodha, dereva wa lori la maji. Watu tisa kwenye chumba cha watu wawili, chapati katikati, simu mikononi. Japheth, fundi wa viyoyozi mwenye sauti ya kuuza mitumba, alikuwa ameshika yake juu kila mtu aone.

"Robinson huyu," alisema. "Chuo chake kimechukua kombe la kaunti mara mbili. Angalia hiyo. Angalia tena. Huyo beki ameachwa anatafuta viatu vyake."

Na kweli, video ilikuwa tamu. Kijana alikuwa na mguu wa kushoto unaosema ukweli. Mtu mmoja akasema ana mbio, mwingine akasema mbio si kitu, tazama kichwa kinavyoinuliwa kabla ya pasi. Wakabishana kama bado anahitaji misuli, kama acheze winga au katikati, kama mpira wa chuo ni mpira au ni maonyesho. Jina la pili kwenye orodha, Fidel, aliyechezea chuo cha ufundi kisichojulikana na mtu, lilitajwa mara moja tu. Video yake ilikuwa ya sekunde arobaini, na muda mwingi alikuwa anakimbia kurudi nyuma kukaba.

"Jamani," Jael akasema, "mmeuliza kila kitu isipokuwa kimoja. Ijumaa anakuwa wapi?"

Mtu akatafuna chapati.

"Robinson ni dereva wa kaka yake madam wangu," akaendelea. "Ile nyumba naijua kama mfuko wa aproni yangu. Mama yao, Hajja, anakaa Riyadh. Kila Alhamisi jioni familia nzima inaingia kwenye gari kwenda kumsalimia, na Jumamosi ndiyo wanarudi. Kilomita karibu elfu moja kwenda, na nyingine kurudi. Nani anashika usukani? Kafili mwenyewe, yule bosi wake?"

"Atajipanga," Japheth akasema. "Mchezaji mzuri hujipanga."

"Wewe ulijipanga mwaka jana uliposhushwa Taif wiki tatu kutengeneza AC? Huyu Fidel ni mlinzi wa shule. Shule inafungwa Ijumaa na Jumamosi. Ana mapafu, ana miguu, na ana Ijumaa."

Walicheka. Wanaume bwana, ukiwaambia jambo la maana kwanza wanacheka. Lakini Alfayo hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole mechi walizocheza watu tisa, na moja waliyocheza wanane na kufungwa sita. Akaandika Fidel kwenye karatasi, akaikunja.

"Sawa," Japheth akasema, na sasa hakuwa na mzaha. "Lakini tukishika mkia tena, timu imekufa. Na kokote tutakakogawanywa, Jael, usijiite katibu wa mtu."

"Sitajiita," alisema Jael. Akammiminia chai. Aliipenda timu ile kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Timu ya Karantina, waliochagua baada yao, hawakuamini bahati yao. Walimbeba Robinson kama bwana harusi. Nahodha wao, Danson, akawatumia Kandara ujumbe wa sauti wa dakika tatu, mbili na nusu zikiwa ni kicheko tu.

Kicheko kilipungua polepole. Ijumaa ya kwanza Robinson alikuwa Riyadh. Ya pili, Riyadh. Ya tatu akawatumia Karantina video nzuri mno, anapiga danadana hamsini peke yake kwenye maegesho ya duka kubwa, magari meupe nyuma yake, huku familia ya bosi ikinunua mazulia ndani. Fidel naye alikuwa anafika uwanjani wa kwanza, na katoni ya maji begani. Alikuwa mwembamba, mpole, hana chenga hata moja ya kusimulia. Ila mpira ukipotea yeye ndiye aliyekwenda kuutafuta, wiki baada ya wiki, mpaka wenzake wakazoea kumwona pale pale wanapomhitaji.

Hata hivyo mpira hauna shukrani. Ilipofika mechi ya mwisho Kandara walikuwa pointi moja tu juu ya mkia, na nyuma yao walikuwa Karantina wenyewe. Hesabu ilikuwa nyepesi. Sare, Kandara wamebaki. Wakifungwa, kwaheri.

Jumatatu ya wiki hiyo madam aliingia jikoni amejaa furaha. Goti la Hajja lilikuwa linamsumbua, amepata daktari Jeddah, analetwa Alhamisi, na safari hii familia haiendi Riyadh. Jael aliitikia vizuri, akaendelea kusugua sufuria, halafu mkono ukasimama. Familia haiendi Riyadh. Ijumaa hii Robinson atakuwa Jeddah.

La pili lilimjia akiwa kitandani. Hajja atafikia wapi? Hapa. Ijumaa watakula wapi watu kumi na wanane? Hapa. Atapika nani? Mtu aliyehesabu Ijumaa za Wakenya wote wa Jeddah alikuwa amesahau kuihesabu yake. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na Jael akacheka peke yake gizani kwa uchungu.

Ijumaa ilifika. Wali na mbuzi vilipanda kwenye sinia, sinia zikarudi tupu, vyombo vikajaa mpaka sakafuni. Saa tisa na nusu, kichwa kikachungulia kwenye mlango wa nyuma. Ni kijana mrefu, shati la udereva juu, kaptura ya michezo chini.

"Wewe ndiye dada Jael? Mimi Robinson."

"Najua wewe ni nani."

"Dada, nisaidie. Mechi ni saa kumi na nusu. Sijacheza hata moja tangu nichaguliwe, wananiita Mzuka wa Riyadh. Kiarabu changu ni yalla, twende, na halas, imekwisha, basi. Niombee ruhusa kwa Hajja. Saa mbili tu."

Jael alimtazama. Kabla hajajibu, Hajja mwenyewe akaita kutoka sebuleni, maana kiti chake kilitazama ua na hakuna kilichompita mama yule. Katika nyumba ile hata madam aliomba ruhusa kwake.

"Yule dereva anatazama saa kama ana mgonjwa," Hajja alisema kwa Kiarabu. "Muulize ana nini."

Neno moja lingetosha. Hana kitu, Hajja. Robinson asingejua. Karantina wasingejua. Timu ingepona, ukatibu ungepona, na Jael angerudi kwenye vyombo vyake. Alisimama pale na kitambaa mkononi, akakumbuka Ijumaa alizozipoteza yeye mwenyewe nyuma ya dirisha lile la jikoni, amevaa tayari, viatu mguuni, mgeni mmoja anapiga kengele. Ilimwuma kama jana. Hakuweza kumfanyia hivyo mtoto wa mwenzake.

"Ana mechi ya mpira, Hajja," alisema. "Anaomba saa mbili. Timu yake inamhitaji sana."

"Na wewe kwa nini umekunja uso hivyo?"

"Anacheza dhidi ya timu yangu."

Hajja alimtazama Jael, akamtazama Robinson, akacheka mpaka akashika goti. Akamwambia madam vyombo havina miguu, havitakwenda popote. Waende wote wawili na gari. Sharti ni moja: adhana ya magharibi ikilia, gari liwe mlangoni, maana daktari wa goti hangoji mtu.

Basi ndivyo katibu wa Kandara alivyofika uwanjani, kwenye gari kubwa lenye viti vya ngozi, akimleta mwenyewe nyota wa Karantina. Japheth alishika kiuno. "Katibu, umetubebea moto mpaka mlangoni."

"Cheza mpira," Jael alisema. Robinson akampa funguo za gari amshikie, kwa kuwa kaptura haikuwa na mfuko.

Na alicheza, yule kijana. Dakika ya kumi na tano akamwacha Japheth anatafuta viatu vyake, sawasawa na kwenye video, akafunga kwa ule ule mguu wa kushoto. Karantina walirukiana. Jael alipiga makofi mawili kabla ya kujizuia, kwa sababu bao lilikuwa zuri na yeye hakuwa mnafiki. Kisha akakaa kwenye tofali na kuuma ukucha. Moja bila. Fidel alikimbia huku na huku akiziba mianya, Alfayo alipiga mwamba, jua likaanza kuwa jekundu.

Zilipobaki dakika kumi na mbili Jael akatazama saa kwenye simu. Njia ya kurudi Al-Hamra ilikuwa nusu saa, taa zikikubali. Akasimama, akainua funguo juu. "Robinson. Yalla."

Danson alikuja mbio. "We katibu, unatuibia mchezaji mbele ya macho yetu?"

"Ni Hajja," Robinson alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoka kwenye chakula akiwa na njaa.

Hakuna aliyebishana tena. Pale uwanjani hapakuwa na mtu asiyejua kuitwa. Karantina hawakuwa na mchezaji wa akiba, maana wa akiba wao alikuwa ameingia zamu saa kumi. Wakabaki kumi, na Robinson akatoka akivaa shati lake huku anatembea. Jael naye ilibidi aondoke. Mlango wa gari ulipofungwa bado ilikuwa moja bila, na kelele za uwanja zikakatika kama redio iliyozimwa.

Taa ya nne ilikuwa nyekundu. Ya tano ilikuwa nyekundu pia. Simu ikalia, ujumbe wa sauti, na Jael akauweka wasikie wote. Mwanzo ulikuwa makelele matupu na upepo. Halafu ikaja sauti ya Japheth, imekauka, anahema.

"Katibu. Ni Fidel. Yule yule. Wenzetu wamebaki wachache, wamechoka, yeye bado anakimbia. Kipa ametema mpira, ukamkuta Fidel yuko pale. Moja moja, mpira umekwisha, tumebaki. Jael, unanisikia? Mwakani mtu akileta video ya kijana kabla hujauliza Ijumaa anakuwa wapi, mimi nitamfukuza na chapati zake."

Jael aliweka simu mapajani. Machozi yalikuja na hakuyafuta, alikuwa na furaha tele na haikuwa na mahali pengine pa kutokea. Robinson aligonga usukani mara moja, taratibu, kisha akaanza kucheka.

"Kwa hiyo ningekuwa na dakika kumi na mbili zaidi..."

"Ungekuwa nazo, ndugu yangu. Ungekuwa nazo."

Adhana ilianza walipokuwa wanaingia lango. Hajja alikuwa amekwishasimama mlangoni na fimbo yake. Alimtazama Jael usoni.

"Nani ameshinda?"

"Hakuna, Hajja. Moja moja."

"Hakuna aliyeshinda, na wewe umelowa mashavu namna hii?"

Robinson alimfungulia Hajja mlango wa nyuma, akamsaidia kupanda, akalitunza lile goti kama yai. Kisha akamwinamia Jael na kunong'ona. "Dada, mwakani mnichague nyinyi. Nakuomba."

"Wewe muombe Hajja ahamie Jeddah," Jael alisema. "Hapo nitakuchagua wa kwanza."

"Mnasema nini?" Hajja aliuliza kutoka ndani ya gari.

Jael akamfasiria, neno kwa neno, bila kupunguza. Hajja alipangusa miwani yake.

"Mwambie," alisema, "nitamsikiliza daktari kwanza."