Shangazi Anayekalia Mikono Mbele ya Mashine

Saa mbili na nusu asubuhi. Mashine inapiga yowe, karakana nzima imeinua vichwa, na mwanamke anayeiendesha ametulia kwenye stuli akiwa amekalia mikono yake yote miwili.

Ndiyo, ameikalia! Viganja viko chini ya mapaja, mabega yamepanda karibu yaguse masikio. Hatua mbili mbele yake, nyuma ya kioo, kisu chembamba kama kalamu kinanyoa pande la alumini. Meza iliyolibeba inainama, inazunguka, inainama tena, kama mtu anayegeuza chungwa akitafuta pa kuanzia kulimenya.

"Nikiiachia mikono tu, inaenda yenyewe pale," anasema, akionyesha kwa kidevu kitufe chekundu cha kuzima mashine. "Jana ilienda."

Ana miaka arobaini na saba, na hapa kila mtu anamwita Shangazi, hata mwenye karakana ambaye amemzidi umri. Kwa miaka kumi na tisa amekereza vyuma kwa mashine ya mkono. Pale unazungusha usukani mdogo, kisu kinakula chuma, na sikio lako ndilo linalokuambia kama mambo yako sawa.

Hii ya sasa ni mnyama mwingine kabisa. Haina usukani. Unakaa kwenye kompyuta, unaiandikia programu: kisu kipite wapi, kwa kasi gani, kilale kiasi gani. Halafu unafunga mlango, unaiachia.

Ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, ikakaa miezi minane chini ya turubai kwa sababu hakuna aliyejua kuiandikia. Watu wakaifanya meza ya kuwekea vikombe vya chai.

"Iliniuma jamani," anasema Shangazi. "Kitu kina akili vile, kinabebeshwa vikombe!"

Basi akaazima kompyuta ndogo ya binti yake, akaingia kwenye masomo ya bure ya mtandaoni. Miezi kumi na minne, kila jioni baada ya kazi. Kilichomtoa jasho ni mihimili mitano, yaani njia tano ambazo mashine inaweza kusogea.

"Mitatu ya kwanza hata mtoto anaelewa. Kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Sasa meza nayo ikianza kuinama na kuzunguka, kichwa kinapata moto. Juu si juu tena! Nikasema hapana, hiki kitu lazima nikishike."

Akakishika kwenye sabuni. Alikuwa anachukua kipande cha mche wa sabuni ya kufulia, anaisoma programu yake mstari kwa mstari, anakigeuza kama ilivyoandikwa na kukichonga kwa kisu cha jikoni. Mistari ikikosewa, panga moja la gurudumu analochonga, lenye umbo la feni, linakatwa na jingine, na ukweli unaonekana hapo hapo mezani. Miche thelathini na mmoja iliisha hivyo.

"Nyumbani kwangu hatuna sabuni, tuna vipuri," anasema mumewe, fundi viatu mwenye mdomo usiopumzika, ambaye leo amekuja kushuhudia. "Juzi nimefua shati kwa feni. Povu likatoka, lakini vidole vimechanika!"

"Si lilitakata?" Shangazi anamjibu.

"Lilitakata, mama. Sijakataa."

Lakini wiki hii mzaha umepungua. Mwenye karakana amechoka kusubiri. Ijumaa anakuja mtu kuiangalia mashine ainunue, na Shangazi amepewa nafasi moja kabla ya hapo: atoe impela moja iliyo sahihi, yaani lile gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji ndani ya pampu. Pande la alumini ni moja tu, na bei yake ni mshahara wake wa wiki tatu. Ikifaulu, mashine haiuzwi, na yeye ndiye atakayekuwa mwandishi wake wa programu. Ikiharibika, anarudi kwenye usukani.

Jana, Jumanne, akaanza. Kisu kinene cha kupunguza kikanguruma vizuri, sauti anayoijua. Kikaja chembamba cha kulainisha. Mapanga matatu yakapita. La nne likiwa katikati, sauti ikapanda ghafla, kali, ya kukwaruza meno.

"Kwenye mashine yangu ya zamani, sauti ile ni kisu kinakaribia kuvunjika. Sikufikiri. Mkono ulishafika kwenye kitufe."

Kumbe kisu kilikuwa salama kabisa. Kisu chembamba kikizunguka mara elfu kumi na mbili kwa dakika, ndivyo kinavyoimba. Yeye hakuwahi kuisikia, maana kompyuta ilikuwa inamwonyesha kazi yote kwenye kioo bila sauti, na sabuni haipigi kelele. Kule kuzima ghafla ndiko kulikoacha jeraha kwenye panga la nne, kina chake sehemu kumi kati ya mia za milimita moja.

Msimamizi, anayejulikana kama Mzee Vipimo kwa sababu hata chapati angeipima, alisogea akatazama.

"Linyoe hilo moja, Shangazi. Nani ataona?"

"Pampu itaona, mzee. Panga moja likiwa jepesi, gurudumu linatetemeka mpaka linakula beringi."

Akauchukua mchoro, akausoma upya. Unaruhusu kila panga lipungue hadi sehemu ishirini na tano. Basi akaandika programu upya: yote saba yanyolewe sehemu kumi na tano, sawasawa. Jeraha litoke, uzito ubaki sawa pande zote.

Ndiyo hiyo inayopiga yowe sasa.

Panga la nne linafika. Sauti inapanda. Kiwiko cha Shangazi kinaruka, mkono wa kulia unachomoka nusu, anauminya chini tena. "Tulia wewe," anauambia. Mafundi wanacheka, yeye hacheki. La tano. La sita. La saba. Halafu kimya.

Mzee Vipimo anapima panga moja moja, la nne anarudia mara mbili. Anaipachika impela kwenye fimbo ya chuma inapoweza kuzunguka kirahisi, anaisukuma kwa kidole. Ingekuwa na upande mzito, ungesimama chini kila mara. Anaisukuma mara tatu, inasimama sehemu tatu tofauti.

"Mwambieni mtu wa Ijumaa asijisumbue," anasema.

Shangazi anatoa kwanza daftari mfukoni na kuandika: *Kisu cha milimita sita, elfu kumi na mbili. Mlio wa mbu mwenye hasira. Usiguse.* Anataka kulijaza lote, kila kisu na mlio wake, ili mkerezaji mwingine atakayehamia huku asikurupuke kama yeye.

Wa kwanza ameshajitokeza. Mzee Vipimo alisubiri wenzake watawanyike, akauliza kwa sauti ndogo kama na yeye, kwa umri wake, anaweza kujifunza.

"Nimemwambia Jumatatu aje na mche wa sabuni," anasema Shangazi, akinyoosha vidole vilivyokufa ganzi. "Na stuli yake. Hii siiachii."