Maziwa ya Madamu na Swali la Shangazi

Ipo siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo ukiwa unafunga sanduku lako kwenda kufanya kazi ya muda katika nchi usiyoijua, naikumbuka zaidi. Kaa kidogo. Sanduku halitakimbia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wanatawala, nami ni kijana mpishi huko juu Fizi, milimani, katika nyumba ya mzungu aliyesimamia kazi za barabara. Upishi sikufundishwa na mtu. Niliuiba kwa macho, nikasimama mlangoni mwa jiko la jirani hadi nikajua mkate unavyonukia dakika unapoiva. Nikwambie ukweli, nilikuwa mtu wa hofu. Maharage mabichi yakikatwa, moja likizidi jingine urefu, nilianza upya. Shati la Bwana nililipiga pasi, nikalikunja, nikalikunjua kulitazama tena. Sikulala vizuri nikidhani nimeacha kijiko kichafu.

Basi Bwana akapata likizo ya miezi sita kwenda kwao Ulaya, na Madamu, mkewe, akasema niende nao, kwa kuwa mapacha wao walizoea uji wangu. Likizo ikiisha tungerudi wote. Moyo wangu uliruka. Nikaanza kujiandaa: nikazoeza miguu viatu, nikawasalimia kuku wa Madamu kwa Kifaransa kila asubuhi.

Kisha maziwa yakaanza.

Kila siku Madamu alinijazia kikombe, akasimama kuhakikisha nimekimaliza. Akaongeza siagi, akaongeza mafuta ya samaki yenye harufu mbaya. Akanipeleka zahanati, nikapandishwa juu ya mizani, daktari akanibonyeza mkono na kunitazama meno. Madamu akatikisa kichwa.

"Yakobo, wewe iko mwembamba sana. Kule baridi mingi. Lazima wewe kula, kuwa mnene, kisha sisi kwenda."

Mwanangu, wewe utacheka. Sisi hatukucheka. Siku zile kila mtu alijua habari za batumbula, watu waliosemekana kumkamata mtu njiani, kumlambisha dawa ya kumnyamazisha, kumnonesha kama mnyama, na mwisho kumtia katika makopo. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Na katika ghala la Madamu makopo ya nyama yalikuwa yamepangwa hadi darini. Mimi mwenyewe ndiye niliyeyapangusa vumbi!

Tangu hapo nilimtazama kwa jicho la pembeni. Akinitazama mkono, naficha mkono. Akicheka na Bwana mezani, najua wananicheka mimi. Akigeuka tu, maziwa nikampa mbwa. Mbwa akanona hata akashindwa kubweka, mimi nikakonda, na Madamu kwa kuona ninakonda akaongeza maziwa. Yote hayo, na sikumuuliza neno.

Jumamosi moja nikapanda lori la pamba, nikashuka hadi mji wa Baraka, kando ya ziwa, kwa Shangazi Rebeka. Huyo ndiye aliyenilea mama alipofariki, na bila mkono wake kichwani mwangu nisingevuka hata mto, sembuse bahari. Nilimkuta ufukweni akigeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, juani. Nikamweleza yote. Jirani yetu Mama Aneti, ambaye hakuitwa, akadakia.

"Banakupima? Na maziwa banakupa? Ee Yakobo, ng'ombe ya sikukuu nayo inapimwaka hivyo!"

Wanawake wakashika vinywa. Shangazi peke yake aliendelea kugeuza samaki.

"Weye," akasema baadaye, "ulikula kwa huyu mama mwaka muzima, na mudomo ulikuwa nao. Juu ya nini haukumuuliza?"

"Nilimuogopa, Shangazi."

"Ulimuogopa yeye, ukakuja kutuogopesha sisi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kesho kutwa tutapanda Fizi, mimi na weye."

Siku ilipofika alipika sombe, majani ya muhogo, kwa mafuta mapya ya mawese, akaifunga vizuri katika chungu kidogo, tukapanda. Madamu alitupokea jikoni. Shangazi akamwekea chungu mbele, akafunua, akamtazama.

Madamu akatabasamu, akashika kijiko, akakiweka chini. Akakishika tena. Akanigeukia mimi kama anayetaka msaada. Uso wake ulikuwa uso wangu mwenyewe mbele ya kikombe cha maziwa.

Shangazi akapiga makofi. "Aa! Kumbe naye anatuogopa!"

Kwetu anayekupa chakula hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Shangazi alikuwa amechelewa kusudi, amwone. Sasa akachota kwa vidole, akala, akalamba kidole. Madamu akala naye, kwanza kidogo, kisha kwa njaa.

"Sasa ile," Shangazi akasema, akionyesha kopo la nyama lililokuwa rafuni.

Nilitafsiri, na habari za batumbula pia, nikiwa na aibu ya kufa. Madamu akatuelewa polepole, na alipoelewa akawa mwekundu hadi shingoni. Lakini alilifungua kopo, akala. Shangazi akachukua kipande, akatafuna, akatafuna sana.

"Ng'ombe," akasema. "Tena ng'ombe muzee."

Nilipumua. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kukusanya sahani. Shangazi hakuinuka.

"Muulize hivi. Yakobo akigonjwa kule, ao weye na bwana yako mukimuchoka, nani atamurudisha?"

Madamu akaweka kijiko chini. "Mimi hapana jua," akasema.

Bwana alikuwa ameingia, amesikia. Akasema kwa ukali kwamba hayo tutayaona huko huko, na kwamba wapishi Fizi ni wengi.

"'Tutaona' si jibu," Shangazi akasema. "Yakobo, haiko safari."

Njiani kushuka nilimnunia. Nafasi kama ile, na ameiua kwa swali moja! Akaniacha ninune mpaka tulipoanza kuliona ziwa.

"Weye ulikuwa unaogopa kopo," akaniambia. "Kopo haikukuwa kitu. Mimi naogopa ile siku watasema hawana kazi nawe, na maji yote yale iko katikati yako na kwetu. Kila muntu alikuonyesha mulango ya kutokea. Nani alikuonyesha ya kurudilia?"

Nikaendelea kununa, kwa heshima.

Siku chache zilipita. Asubuhi moja gari likasimama mbele ya nyumba yetu, akashuka Madamu peke yake, viatu vimejaa vumbi. Shangazi akampa kigoda, akaleta maji, akayaonja, akampa. Madamu akayanywa yote. Ndipo Shangazi akamwita mzee wa kanisa aje awe shahidi, na Madamu akasema kwa Kiswahili chake kile cha jikoni: baba yake mzazi, mwoka mikate huko kwao, ndiye atakayenichukua nikiugua au wakinichoka, na kunipandisha meli ya kurudi. Bwana amekubali. Akataja jina la baba yake, akataja mji, na mzee wa kanisa akayarudia kwa sauti hadi sote tukayashika.

Shangazi akamgeukia Madamu.

"Sijakuamini bado," akasema. "Lakini sasa namujua wa kumushika."

Akaweka mkono wake kichwani mwangu, unanuka samaki. Nilikwenda, mwanangu. Nilirudi.

Sasa nisikilize. Sikuambii uwaamini watu. Wako wanaokuitia kazi nzuri ng'ambo na nyuma ya meno yao kuna jambo jingine, nawe hujui ni yupi. Kuwa na shaka. Lakini shaka ukilificha linamnywesha mbwa maziwa yako, linakukondesha bure, na linatazama kopo wakati hatari imesimama mlangoni. Mficha maradhi kifo humuumbua. Litoe mdomoni, liwe swali, na uliulize mbele ya mtu wa tatu. Usiniulize mimi utalala wapi na utalipwa nini. Hayo wamekwisha kukwambia, wala hawakusubiri uulize. Waulize nani atakurudisha. Anayekasirika, mwogope. Anayesema hajui, mpe siku chache akatafute, na asipokuja na jibu, fungua sanduku lako utoe nguo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mungu aliyetenga nchi na maji akushike mkono katika nchi na katika maji. Chakula cha ugenini kikae vizuri tumboni mwako, na wenyeji wa huko wakuonjee kabla ya kukupa. Na utakaporudi, utukute hai, utukute tukikungoja.