Muhuri wa Bi Zdislava na Kurasa za Mzee Hynek

Hata kabla ya kumwona Bi Zdislava Hrubešová, ungemjua kwa kelele za vidole vyake. Anabonyeza kila kitufe kwa nguvu, kama anayegonga mlango wa jirani huku akijua kabisa kwamba yumo ndani. Alijifunza hivyo akiwa msichana kwenye kiwanda cha taipureta, hapa hapa mjini Brno, ambako kazi yake ilikuwa kujaribu kila herufi ya kila mashine kabla haijafungwa kwenye boksi. Kiwanda kilipokufa aliondoka na vitu viwili: kiwiko kinachouma kila baridi ikianza, na muhuri mdogo wa mpira wenye neno moja, IMEKAGULIWA.

Kwetu alikuja miaka kumi na tisa iliyopita. Sisi tunatengeneza kivinjari, kile chombo cha kutembelea mtandaoni. Chetu kinaitwa Pěnkava; wanaokitumia si wengi, ila ni wabishi. Mimi ni Vendelín, au Venda kwa walionizoea, mwandishi wa programu, nina miaka arobaini na sita, kichwa hakina unywele, na sipendi kukosolewa. Zdislava alianza kunikosoa siku ile ile aliyofika, hata koti hajalivua.

Hakuna toleo la Pěnkava lililowahi kutoka bila karatasi yenye muhuri wake. Na katika miaka yote hiyo hajawahi kugonga muhuri halafu akaubatilisha. Mkurugenzi wetu, Radovan, hujisifu hivyo mbele ya wageni kana kwamba ni yeye aliyekagua. Septemba hii Zdislava alikuwa amebakiza wiki mbili astaafu, na alitaka aondoke na rekodi hiyo ikiwa nzima. Hakuficha. "Nimeingia safi, nitatoka safi," alituambia, akarudi kubonyeza vitufe vyake.

Toleo lake la mwisho lilikuwa la arobaini na moja, na lilikuwa mwanangu. Mwaka mzima nililihangaikia. Kurasa wazi, zile ambazo tangu zamani zilijipanga juu ya skrini zikibanana hadi majina hayasomeki, nilizihamishia ubavuni kushoto, moja chini ya nyingine, kila moja na jina lake kamili. Nilijiona fundi kwelikweli.

"Nzuri," Zdislava alisema siku ya Jumanne. Nikavimba kichwa. "Ila hiyo kijivu ni rangi ya mtu aliyelazwa."

"Bi Zdislava, hiyo kijivu imechaguliwa na wataalamu."

"Basi na wao wakapimwe."

Alilijaribu kwenye kompyuta yake, kisha kwenye ile tunayoiita Mgeni. Mgeni ni kompyuta inayofutwa kila siku. Haimjui mtu, haikumbuki kitu, haina swichi ya majaribio hata moja iliyowashwa. Sisi wengine tumezoea kuishi na vitu ambavyo havijaiva. Kila tunapobuni jambo tunaliweka nyuma ya swichi, tunaliwasha kwenye mashine zetu wenyewe, tunakaa nalo miezi au miaka. Mgeni yupo ili atukumbushe watu wa kawaida wanaona nini. Toleo likapita kwake bila hata kukohoa. Zdislava akaupulizia muhuri pumzi, akagonga. Radovan akawapigia simu waandishi wa habari: Alhamisi, saa nne asubuhi.

Hapo kwa kanuni zetu kazi ilikuwa imekwisha. Lakini Zdislava ana desturi yake ambayo haimo kwenye kanuni. Siku moja kabla toleo halijatoka, humpelekea jirani yake wa chini, Mzee Hynek, dereva wa treni mstaafu mwenye miaka themanini na mmoja. Kiwandani nako Zdislava alikuwa akibeba taipureta moja jioni kumpelekea mama yake aandike barua. Safari hii akaniambia twende wote, nikaone watu wanavyoishi na kazi yangu. Nilikubali kwa sababu ya supu. Supu ya vitunguu saumu ya Mzee Hynek, yenye mkate uliokaangwa, haina mpinzani mtaani kwao.

Tulikula. Kisha Zdislava akakaa mbele ya kompyuta ya mzee, akaweka toleo jipya, akakifungua kivinjari.

Ubavuni kushoto hapakuwa na kitu. Safu yangu nzuri ilikuwa tupu, kijivu kuanzia juu hadi chini.

Mzee Hynek alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ziko wapi?"

"Nini, Mzee?" nikauliza.

"Kurasa zangu. Thelathini na nne."

"Za nini?"

Akanitazama kama niliyemuuliza rangi ya chupi yake. Zdislava ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Ramani, Venda. Za uyoga."

Hapa kwetu mtu atakupa ufunguo wa nyumba na namba ya siri ya benki kabla hajakuambia uyoga wake unaota wapi. Mzee Hynek alikuwa amezunguka misitu kwa miaka sitini, na miguu ilipoanza kumgomea alizitafuta sehemu zake zote kwenye ramani za mtandaoni, ukurasa mmoja kwa kila sehemu, akaziacha wazi. Hakuzihifadhi.

"Kwa nini hukuzihifadhi?" nilimuuliza, nikijua ni swali la kijinga.

"Ukihifadhi unaandika jina. Ukiandika jina, iko siku mtu atalisoma." Akanyoosha mkono kwenye kipanya. "Ngoja nianze kuzitafuta upya, ile ya kwanza naikumb…"

Zdislava aliudaka mkono wake hewani. "Usiguse! Mzee, ukifungua hata ukurasa mmoja, kumbukumbu ya zile za zamani inafutika. Sasa hivi bado imo ndani. Kaa."

Mzee akakaa. Nilitamani sakafu ipasuke. Safu ile niliipanga mimi, hakuna mwingine. Zdislava aliweka viganja mapajani, akaitazama ile kijivu tupu, na nilijua anachokiona: muhuri wake.

"Kwangu zilihama zote," akasema polepole. "Arobaini na kitu, zikaja ubavuni bila shida. Venda, ile swichi ya kurasa kujirudisha zenyewe, uliiwasha lini?"

"Swichi gani?"

"Ya majaribio. Ya mwaka juzi."

Nilikuwa nimeisahau. "Mwaka juzi huo huo," nikasema.

"Na mimi. Na Radovan. Ofisi nzima." Akafumba macho kidogo. "Safu yako inaitegemea hiyo swichi. Kwetu inafanya kazi kwa sababu sote tumeiwasha tukasahau. Na Mgeni…"

"Mgeni anafutwa kila siku," nikamalizia. "Hana ukurasa hata mmoja wa kupoteza."

"Kumbe tulikuwa tunamtazama mtu asiye na mzigo, tunajisifu mzigo umefika salama." Akageukia kibodi. Akafungua orodha ya swichi, ambayo si ukurasa wa mtandaoni na tunaificha ili watu wa kawaida wasiichokoe, akabonyeza mara moja kwa nguvu zake zote. Kisha akasimama, akachukua kitambaa cha kukaushia vyombo, akakitundika mbele ya skrini kama pazia. "Nakiwasha kivinjari upya. Venda, geuka ukutani."

"Mimi?"

"Una macho, huna? Geuka."

Nikageuka. Mbele yangu palikuwa na kalenda ya treni ya mwaka uliopita. Nilisikia kitufe kikilia, na hatua za Zdislava zikija kusimama kando yangu, naye uso ukutani. "Mzee," akasema, "ondoa kitambaa, uhesabu."

Tulimsikia akihesabu kwa mnong'ono. Aliposita kwenye ishirini na sita moyo wangu nao ulisita. Alikuwa anakohoa tu. Akaendelea hadi thelathini na nne, kisha akapenga kamasi.

"Hamjageuka?"

"Hatujageuka," Zdislava akajibu.

Tulirudi ofisini alasiri. Radovan alikuwa anapokea vipande vya mkate vya sherehe, vyenye yai na tango la siki, trei kwa trei. Zdislava alimpita, akaichukua ile karatasi ukutani, akatoa kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya muhuri wake mwenyewe. Hakupepesa macho. Mimi ndiye niliyeumia.

"Unafanya nini?" Radovan akapaza sauti.

"Nimekosea. Halitoki kesho." Akaeleza kwa sentensi nne.

"Ni watu wangapi ambao hawajawasha hiyo swichi?"

"Wote isipokuwa sisi."

"Bi Zdislava, nimeshawaambia waandishi! Ni kurasa tu. Mtu atazifungua tena."

"Makosa ni yangu, bosi," nikadakia. "Safu ni yangu."

"Muhuri ni wangu," Zdislava akasema. "Wewe subiri zamu yako." Akamgeukia Radovan. "Jirani yangu ameacha wazi ramani thelathini na nne. Za uyoga."

Mtu aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna. Radovan akauliza, kwa sauti iliyopungua kabisa, "Hakuziandika popote?"

"Wewe zako umeziandika wapi?"

Radovan alitazama mlango wa chumba chake, ambako kompyuta yake ilikuwa wazi mezani, na masikio yakamwiva. Niliona wenzangu watatu wakirudi kwenye viti vyao kwa haraka isiyo ya kawaida. "Wiki moja," Radovan akasema hatimaye. "Leteni hizo trei, tusije tukatupa chakula."

Nilitengeneza kasoro ile kwa siku nne, na sikulalamika hata rangi ilipobadilishwa ikawa kijani. Mgeni sasa anafutwa, halafu anapewa kurasa hamsini za kubeba. Toleo likatoka Alhamisi iliyofuata likiwa na muhuri mpya, na karatasi yenye mstari mwekundu Zdislava aliitundika kando yake, ionekane. Niliona aibu kwa niaba yake, nikamwambia aitoe. Akaniambia nisimwonee aibu asiyoiona mwenyewe.

Siku ya mwisho ya Zdislava kazini, Mzee Hynek alikuja ofisini, ndani ya suti, akipandisha ngazi kwa kupumzika kila ghorofa. Akamkabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Hii ni moja," akasema. "Hizo thelathini na tatu ngoja kwanza nife."

Zdislava aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mezani bila kuikunjua, akaupulizia muhuri wake pumzi, akagonga kwa juu.

"Hata hujaikagua!" nikamwambia. "Ikunjue tuone."

Akaishika kifuani. "Geuka ukutani, Venda."

Nikageuka.